Kuwinda ayala katika milima ya Colorado: Maandalizi huanza miezi sita kabla

WENGI wanaosikia habari za uwindaji nchini Marekani hudhani kuwa ni jambo la kununua bunduki, kuwasha gari na kuelekea porini. Katika jimbo la Colorado, lililomo ndani ya Milima ya Rocky, hali sivyo ilivyo. Anayetaka kuwinda ayala mwezi Oktoba au Novemba hulazimika kuwa amekwisha kuwasilisha maombi yake mwanzoni mwa Aprili, na akikosea tarakimu moja tu katika fomu anaweza kujikuta na kibali cha bonde asilowahi kuliona, au asiwe na kibali kabisa.

Uwindaji huo kwa kiasi kikubwa hufanyika kwenye ardhi ya umma, yaani ardhi inayomilikiwa na Serikali Kuu kwa niaba ya wananchi wote. Kwa kawaida mtu yeyote anaweza kuiingia kwa miguu bila kulipa kiingilio wala kubisha hodi kwa mwenye shamba.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki utaratibu huo una ugeni wake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu, lakini sehemu kubwa ya uwindaji wa kitalii huendeshwa katika vitalu vilivyogawiwa kampuni, na mgeni huongozwa na mwindaji bingwa kuanzia anaposhuka kwenye ndege hadi anapoondoka. Katika ardhi ya umma ya Colorado fundi wa magari na mwenye kiwanda huwasilisha maombi ya aina moja, na kila mmoja anaweza kujipangia safari yake mwenyewe, kwa gharama zake na kwa hatari yake.

Mnyama mwenyewe

Neno ayala linafahamika zaidi kwa wasomaji wa Zaburi kuliko kwa wawindaji, na sababu ipo. Kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili hata mmoja. Barani Afrika wanyama hao kwa asili wanapatikana kaskazini tu, katika misitu ya Algeria na Tunisia. Ndiyo maana watafsiri wengi huamua kumwita kulungu au paa, ambao kwa kweli ni wa jamii ya swala.

Tofauti kubwa iko kichwani. Pembe za kulungu ni za kudumu, ilhali dume la ayala huangusha pembe zake zenye matawi kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huotesha nyingine kabla ya vuli inayofuata.

Anayewindwa kwa wingi Colorado ni yule ambaye Wamarekani walimpa jina kutokana na masikio yake makubwa mithili ya masikio ya baghala. Kitaalamu huitwa Odocoileus hemionus. Dume aliyekomaa anaweza kufikia kilo 100 au kuzidi. Akishtuka huruka juu kwa miguu yote minne kwa pamoja, mwendo unaomwezesha kupanda mteremko wenye mawe na magogo kwa kasi ambayo binadamu hawezi hata kuikaribia.

Jambo ambalo mwindaji mgeni hulisahau ni kwamba mnyama huyu ni msafiri. Wakati wa kiangazi wengi wao hulisha kwenye miinuko ya zaidi ya meta 3,000, karibu na mpaka wa miti. Theluji inapoanza kurundikana hushuka kuelekea mabonde yenye vichaka. Katika jimbo jirani la Wyoming, utafiti uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kundi linalotembea takriban kilometa 240 kati ya jangwa linakopitisha baridi na milima linakopitisha kiangazi.

Hivyo basi, bonde lililojaa ayala mwezi Agosti linaweza kuwa tupu kabisa Novemba. Anayepanga safari kwa kutegemea picha alizopiga akiwa likizoni hujidanganya mwenyewe.

Leseni kwa droo

Tangu mwaka 1999 leseni zote za ayala wa aina hiyo mjini na vijijini Colorado hutolewa kwa idadi maalumu, baada ya idadi ya wanyama hao kuonekana kupungua. Jimbo limegawanywa katika maeneo zaidi ya 100 ya usimamizi, kila moja na namba yake, na kila mwaka Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya Colorado (CPW) hupanga ni wanyama wangapi waruhusiwe kuwindwa katika kila eneo, wa jinsia gani, msimu upi na kwa silaha ipi.

Maelezo hayo yote hufungwa katika alama moja yenye herufi na tarakimu nane. Ndani yake mna mnyama, jinsia, namba ya eneo, msimu na silaha. Hapo ndipo makosa mengi hutokea, kwa kuwa kompyuta haimuulizi mwombaji kama kweli alikusudia eneo la 12 na si la 21.

Maombi hufungwa mapema Aprili na matokeo hutoka mwishoni mwa Mei au mapema Juni. Kabla ya kuomba, mwombaji hutakiwa awe amenunua leseni nyingine ya mwaka inayomstahilisha kuingia katika droo. Pasipo leseni hiyo maombi hayapokelewi.

Aliyekosa chaguo lake la kwanza hupewa pointi moja ya kipaumbele, na pointi hizo hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Maeneo yenye madume wenye pembe kubwa huenda kwa waliosubiri miaka mingi. Mengine, hasa yenye njia mbaya au msitu mnene, hupatikana bila pointi yoyote. Marafiki wanaoomba kama kundi huhesabiwa kwa pointi za yule mwenye chache zaidi kati yao, jambo lililokwisha kuwagombanisha watu.

Misimu nayo ina siri zake. Wenye upinde na mshale hutangulia mwezi Septemba, wakifuatiwa na wenye magobore katikati ya mwezi huo. Msimu wa kwanza wa bunduki za kawaida, katikati ya Oktoba, ni wa wapiti, yule ayala mkubwa zaidi. Wenye leseni za bunduki kwa ayala huanza kuingia mwishoni mwa Oktoba, na misimu inayofuata huendelea hadi Novemba, wakati wa kupandana, ambapo dume hupunguza hadhari na kufuata majike hata mchana wa jua kali. Kwa sababu hiyo leseni za msimu wa mwisho ndizo ngumu kuliko zote kuzipata.

Kuhusu gharama, mkazi wa jimbo hulipa takriban sehemu moja ya kumi ya ada anayotozwa asiye mkazi, ambaye leseni yake ya ayala hukaribia dola 500 za Marekani. Mkazi ni aliyeishi Colorado miezi sita mfululizo. Mgao wa leseni pia huwapendelea wakazi.

Fedha hizo hazipotei hewani. Sehemu kubwa ya kazi za uhifadhi wa wanyamapori katika majimbo ya Marekani hulipiwa na ada za leseni pamoja na kodi ya Serikali Kuu iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1937, ambayo hutoza asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi zake kisha kuyagawia majimbo. Mwindaji huchangia kila anapopita kwenye kaunta ya duka, apate leseni au akose.

Baridi kali ya mwaka 2022 kuingia 2023 ilionyesha mfumo huo unavyofanya kazi. Theluji nzito kaskazini magharibi mwa jimbo iliua ayala wengi, wakiwamo watoto wa mwaka, na CPW ikapunguza idadi ya leseni za maeneo hayo mwaka 2023. Watu waliokuwa wamesubiri kwa miaka walilazimika kusubiri tena.

Mgeni na bunduki

Colorado ina wakazi wengi wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo, hasa katika miji ya Denver na Aurora, na Kiswahili husikika huko sokoni na makanisani. Baadhi yao wametoka katika koo zenye historia ndefu ya uwindaji. Hata hivyo, uzoefu wa nyumbani hautambuliwi na sheria za jimbo.

Kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji salama ndipo auziwe leseni. Anayeanza anaweza kupewa nafasi ya mwanagenzi, mara mbili tu katika maisha yake, kwa sharti kwamba aongozane na mtu mzima mwenye sifa, asiyetoka mahali pa kuonana na kusikilizana naye.

La uzito zaidi ni sheria ya shirikisho kuhusu silaha. Mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama ya utalii au ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi. Moja ya misamaha michache ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote la nchi hiyo. Mwanafunzi anayealikwa na rafiki "kwenda kujaribu shabaha" bila karatasi hiyo anaweza kutenda kosa la jinai la shirikisho pasipo kujua, na kosa la aina hiyo huweza kumfungia mlango wa kuishi nchini humo. Anayetaka kuingia na bunduki yake kutoka nje huhitaji kibali kingine tofauti, kinachoombwa mapema.

Ardhi ni ya nani?

Ardhi ya umma ya Serikali Kuu katika Colorado ni takriban ekari milioni 23. Ni eneo linalozidi mara moja na nusu ukubwa wa Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kuiona kwenye ramani ni rahisi. Kujua mahali inapoanzia mlimani ni kazi nyingine.

Sehemu kubwa zaidi ni Misitu ya Taifa, iliyo chini ya Idara ya Misitu iliyoanzishwa mwaka 1905. Nyingine husimamiwa na Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, BLM, ambayo maeneo yake aghalabu ni ya chini zaidi, makavu na yenye vichaka. Msitu wa Taifa usichanganywe na Hifadhi ya Taifa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, kwa mfano, uwindaji umepigwa marufuku, ingawa ayala wanaovuka mpaka wake ni walewale.

Ndani ya misitu hiyo yamo maeneo yaliyotengwa kwa Sheria ya Nyika ya mwaka 1964. Humo gari haliingii, pikipiki haiingii, hata baiskeli hairuhusiwi. Mwindaji huingia kwa miguu au kwa farasi, na nyama hutoka kwa njia hiyohiyo. Wapo wanaoyakimbia maeneo hayo na wapo wanaoyatafuta kwa makusudi, kwa kuwa umbali wa kilometa tano kutoka barabarani hupunguza umati kuliko amri yoyote ya serikali.

Tatizo kubwa ni ardhi binafsi iliyochanganyika na ya umma. Magharibi mwa Marekani, hasa kusini mwa Wyoming, Serikali iligawa ardhi kwa kampuni za reli katika karne ya 19 kwa mtindo wa ubao wa dama: mraba mmoja wa kampuni, unaofuata wa Serikali. Matokeo yake ni kwamba yapo mamilioni ya ekari za umma yanayogusana na ekari nyingine za umma kwenye pembe tu. Je, mwananchi anaweza kuvuka kwenye pembe hiyo bila kukanyaga ardhi ya jirani, ingawa mwili wake umepita katika anga yake?

Swali hilo lilifika mahakamani baada ya wawindaji wanne kutoka Missouri kutumia ngazi kuvuka pembe ya shamba kubwa katika Wyoming. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama liliwaona hawana hatia ya jinai. Mwenye shamba aliwashitaki kwa madai. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 10 iliamua kwa upande wa wawindaji, ikiegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuzingira ardhi ya umma, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa ya mwenye shamba.

Uamuzi huo unahusu majimbo sita ya mzunguko huo, Colorado ikiwamo. Haumpi mtu ruhusa ya kukanyaga hata hatua moja ya shamba la mwenzake. Mwindaji makini hubeba ramani yenye mipaka ndani ya simu, akiwa ameipakua kabla ya kutoka mjini, na nyingine ya karatasi. Betri hufa haraka kwenye baridi, na "sikujua" si utetezi unaopokelewa.

Kuusoma mlima

Aliyepata leseni mwezi Juni ana majira mazima ya kiangazi kujiandaa, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani. Ramani ya kontua humwonyesha ni wapi mlima umesimama wima na ni wapi pana benchi, yaani sehemu tambarare katikati ya mteremko, ambapo ayala hupenda kulala mchana wakitazama chini.

Miteremko inayotazama kaskazini hupata jua kidogo. Huota misonobari minene na hushika theluji. Inayotazama kusini hukauka mapema, huwa na nyasi na vichaka, na ndiko wanyama hutoka kulisha asubuhi na jioni wakati wa baridi. Mpaka kati ya hali hizo mbili, hasa penye maji karibu, ndio mahali pa kuanzia.

Wawindaji wa milimani hutumia macho kuliko miguu. Hufika juu ya kilima kabla ya alfajiri, huketi, na kupekua mteremko wa upande wa pili kwa darubini, kipande kwa kipande, kwa saa mbili au tatu. Wanachokitafuta mara nyingi si ayala mzima. Ni sikio linalotikisika, mstari wa mgongo uliolala kati ya miti iliyosimama, au doa jeupe la makalio.

Mnyama akionekana, swali la kwanza ni upepo. Pua ya ayala haidanganyiki. Usiku na alfajiri hewa baridi, iliyo nzito, hutiririka kushuka mabondeni kama maji. Jua likishapiga mteremko, hewa hupata joto na kuanza kupanda. Jioni hugeuka tena. Kwa hiyo anayemfuata mnyama asubuhi na mapema akitokea chini ana nafasi nzuri, lakini akichelewa hadi saa nne harufu yake hutangulia kumfikia mnyama, na safari ya saa tatu huwa ya bure. Wazoefu huzunguka na kumjia kutoka juu jua likishapanda. Baina ya nyakati hizo kuna dakika ambazo upepo hauna msimamo, na wakati huo ni heri kukaa kimya.

Sheria inakataza kumwekea mnyama chambo. Kutumia ndege isiyo na rubani kumtafuta pia ni kosa.

Mwili, baridi na mwinuko

Mji wa Denver upo takriban meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, nao huwatweta wageni kwenye ngazi za hoteli. Kambi ya uwindaji inaweza kuwa meta 3,000. Kwa Watanzania somo hili halihitaji maelezo marefu, kwani wapagazi wa Kilimanjaro hulihubiri kila siku: polepole. Ugonjwa wa mwinuko huweza kumpata mtu kuanzia meta 2,400, hata kijana mwenye misuli. Kichwa kinachouma, kichefuchefu na usingizi mbaya ni ishara za kupumzika na kutopanda zaidi. Anayeanza kuyumba au kubanwa pumzi akiwa amekaa lazima ateremshwe mara moja, usiku au mchana.

Anayetoka pwani hushauriwa kulala usiku mmoja au miwili katika mji wa kati kabla ya kwenda kambini. Siku hizo huonekana kama hasara katika likizo fupi, lakini hasara kubwa zaidi ni kulala hemani siku tatu ukitapika.

Baridi huua kimyakimya. Oktoba jua linaweza kuchoma mchana, na jioni theluji ikashuka sentimeta 30. Nguo za pamba zikilowa jasho hunyonya joto la mwili; sufu na vitambaa vya kisasa vya michezo hubaki na joto hata vikiwa na unyevu. Anayeanza kutetemeka, kuongea kwa kukokota na kuangusha vitu hajachoka tu: joto la mwili wake linashuka, na huhitaji nguo kavu, moto na kinywaji cha moto kabla ya jambo jingine lolote, ayala awe amepatikana au hapana.

Kutokana na hali hiyo, karatasi yenye thamani kuliko leseni ni ile inayoachwa nyumbani: namba ya gari, mahali litakapoegeshwa, bonde la kuwindwa, na saa ambayo mtu wa nyumbani apige simu kama hajasikia lolote. Simu za kawaida hazishiki katika mabonde mengi, hivyo wengi hubeba kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Katika Colorado jukumu la uokoaji ni la sherifu wa kaunti, lakini wanaopanda mlima usiku kumtafuta aliyepotea kwa sehemu kubwa ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao za mchana.

Kupiga kambi katika ardhi ya umma kwa kawaida ni bure, kwa muda wa hadi siku 14 mahali pamoja. Chakula hufungiwa mbali na dubu weusi.

Risasi moja, na kazi inayofuata

Anayewinda kwa bunduki ya kawaida hulazimika kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa iliyoruhusiwa mwaka 2016, yenye eneo la inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyo inayoonekana pande zote. Ayala hawaioni rangi hiyo kama binadamu aionavyo. Mwindaji mwenzake huiona, na hiyo ndiyo maana yake.

Risasi lazima iwe na kipenyo kisichopungua inchi 0.24, takriban milimita 6. Saa za kupiga huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na huisha nusu saa baada ya kuzama. Haruhusiwi mtu kupiga akiwa barabarani, wala kuwa na risasi ndani ya chemba akiwa ndani ya gari. Leseni ya dume ni ya ayala mwenye pembe ya inchi tano au zaidi. Kosa la kutambua haliondolewi na pole.

Mlimani umbali huhadaa. Mnyama anayeonekana karibu ng'ambo ya bonde anaweza kuwa meta 500, na mteremko mkali hubadilisha njia ya risasi. Waliofanya mazoezi wakiwa wamelala juu ya kitanda cha saruji kwenye uwanja wa shabaha hugundua kwamba mlimani hakuna saruji, na moyo unadunda. Asiye na uhakika huacha. Kumjeruhi mnyama na kumpoteza msituni ni fedheha ambayo wawindaji wazuri hawaisahau.

Kabla ya kufyatua risasi swali jingine hulazimika kuulizwa: nyama itatokaje? Dume mmoja hutoa takriban kilo 25 hadi 35 za nyama isiyo na mifupa. Kwa mtu mmoja aliye kilometa sita kutoka garini, hizo ni safari mbili, kwa kuwa bado ana bunduki, maji na nguo. Kuacha nyama inayolika na kuondoka na pembe tu ni kosa la jinai, na maofisa wa wanyamapori hulichukulia kwa uzito mkubwa.

Lebo ya leseni hujazwa na kufungwa kwenye mzoga. Ushahidi wa jinsia lazima ubaki umeshikamana na nyama hadi ifike mwisho wa safari, jambo ambalo aliyezoea kuchinja mbuzi nyumbani hulishangaa na kulisahau. Ngozi huondolewa upesi ili nyama ipoe, vipande hutiwa katika mifuko ya kitambaa kinachopitisha hewa, kisha hutundikwa kivulini.

Ugonjwa uliogunduliwa Fort Collins

Mwaka 1967 watafiti katika kituo kimoja cha Fort Collins, Colorado, waliona ayala waliofugwa wakikonda, wakitokwa na udenda na kutembea bila mwelekeo hadi kufa. Ugonjwa huo sasa hujulikana kwa kifupi CWD. Husababishwa na prioni, protini iliyoharibika umbo ambayo huharibu ubongo, ukiwa wa jamii moja na ule wa ng'ombe uliowahi kuitikisa Uingereza. Mwaka 1981 uligunduliwa kwa wapiti wa porini, na tangu hapo umeenea katika majimbo mengi ya Marekani na katika Kanada.

Hauna chanjo wala tiba. Prioni hukaa katika udongo kwa miaka, na kupika hakuziui. Hadi sasa hakuna mtu aliyethibitika kuambukizwa kwa kula nyama ya ayala, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyama ya mnyama aliyegundulika kuwa na ugonjwa huo isiliwe. Mnyama aliyeambukizwa huweza kuonekana mzima kabisa kwa muda mrefu, hivyo macho ya mwindaji hayatoshi.

Kila mwaka CPW hutangaza maeneo ambayo wawindaji wake hutakiwa kupeleka kichwa cha mnyama kupimwa. Kwingineko anayetaka hupeleka kwa hiari. Maofisa hutoa tezi za limfu kooni na kuzituma maabara. Ubongo na uti wa mgongo huachwa bila kukatwa, na majimbo mengi hayamruhusu mwindaji kuvuka mpaka akiwa navyo. Hupita na nyama iliyotolewa mifupa na fuvu lililosafishwa.

Majibu huchukua siku kadhaa na mara nyingine wiki. Katika kipindi hicho familia nyingi huihifadhi nyama kwenye friza ikiwa imefungwa peke yake, isichanganywe na ya mnyama mwingine, na juu ya kila kifurushi huandikwa namba ileile iliyoandikwa kwenye sampuli ya kichwa.